Mshipa wa Nzomo na Chai Inayowekwa Chini

Saa moja kasorobo asubuhi, mpishi wa hospitali anatoka jikoni na kopo la chai ya maziwa. Anatembea hadi kwenye jiwe bapa lililo hatua kumi kutoka mlango wa chumba cha maiti, analiweka kopo juu ya jiwe na kurudi zake bila neno. Mbuvi Mutunga anangoja mpaka mpishi afike mbali. Ndipo anapotoka, anajifuta mikono kwa aproni yake ya turubai, anainama na kuchukua chai yake.

"Rashid ni mtu mzuri," anasema. "Wengine hawaleti kabisa."

Mbuvi ana miaka arobaini na sita. Kwa miaka kumi na moja sasa, tangu 1946, amekuwa akiwaosha, kuwapasua na kuwashona maiti katika hospitali moja ya Kitui. Analipwa shilingi hamsini na mbili kwa mwezi na posho ya mahindi. Hapa mjini hakuna mtu anayemkabidhi kitu mkononi. Dukani anawekewa chumvi juu ya kaunta, kanisani sahani ya sadaka inampitia mbali, na benchi lake hukaliwa na yeye peke yake.

Mwandishi wa habari hizi naye si mwema kuliko hao. Siku ya kwanza tulipokutana, mkono wangu ulichelewa kutoka mfukoni. Mbuvi aliuona ukichelewa, akanisaidia. "Usijali, bwana. Salamu ya mdomo inatosha." Niliona haya, na haya hiyo haijanitoka.

Ukambani mtu hagusi maiti hivi hivi. Akilazimika kugusa, huchinjiwa mbuzi na kutakaswa kwanza ndipo arudi kula na wenzake. Sasa anayegusa leo, kesho na keshokutwa, atatakaswa mara ngapi?

"Mama yangu alinitakasa mara mbili," anasema Mbuvi. "Mara ya tatu akaniambia, 'Mwana wakwa, mimi naosha, wewe unarudi matopeni. Basi.' Sikumlaumu. Mbuzi pia zilikuwa zimeisha."

Kazi hii hakuiomba. Wakati wa vita alipelekwa Burma kubeba machela, na huko alibeba waliokuwa hai na waliokufa. Aliporudi mwaka 1945 alikuwa na barua ya jeshi iliyosema kwamba mtu huyu hana hofu ya maiti. Wenzake walirudi na medali. Barua ile ndiyo iliyompa kazi na kumnyima majirani.

Daktari wa hospitali, Mzungu mrefu asiyependa maneno mengi, alimfundisha kupasua. Alimfundisha pia jambo ambalo madresa, wasaidizi wengine wa hospitali, hawakufundishwa, yaani kuufuata mshipa wa damu kwa mkasi mdogo, kuupasua kwa urefu, kuusuuza kwa maji, kisha kuuangalia kwa ndani.

"Watu wanafikiri mshipa ni mshipa tu, kama mfereji," anasema. "Ukiona ya mtoto, kwa ndani ni laini, nyeupe, inateleza. Mimi nikiona hivyo nasema, Mungu alifanya kazi safi."

Ustadi huo ndio uliomletea balaa.

Mnamo Februari 1956 aliletwa maiti kutoka Mutomo, kusini mwa Kitui, akiwa amelazwa juu ya magunia katika lori lake mwenyewe. Alikuwa Nzomo, mfanyabiashara wa ngozi na samli, mwenye miaka hamsini na mmoja. Alizaliwa Kalamba, ng'ambo ya pili ya mto, upande wa Makueni, ila duka lake lilikuwa Mutomo. Zamani alikuwa akitembea na punda wake siku mbili kutafuta ngozi. Alipopata lori, alilipanda hata kwenda kwa jirani. Alivuta sigara mfululizo, na kila kondoo aliyechinjwa karibu naye, mkia wenye mafuta ulikuwa wake. Mkia ni heshima. Mtu mkubwa hapewi nyama kavu.

Siku aliyokufa, saa saba mchana, mkewe Kalunde alimletea dukani sima na nyama ya kondoo iliyomiminiwa samli. Nzomo alikula matonge mawili. Akashika kifua, jasho likamtoka, akasema, "Kalunde, kifua," na kuanguka nyuma ya kaunta.

Dada yake Nzomo, Syombua, hakungoja hata mazishi. Ndugu yake alikuwa mzima asubuhi, akala chakula cha mke, akafa. Kikulacho ki nguoni mwako, alisema, na ukoo mzima ukaitikia. Polisi waliposikia neno sumu, wakaagiza maiti apelekwe Kitui.

Mbuvi na daktari hawakupata sumu. Walipata kitu kingine.

"Nilipopasua mshipa kubwa, ile inatoka kwa moyo, mkasi ililia," anasema Mbuvi. "Ililia kabisa, kama unakata ganda ya yai. Ndani hapakuwa laini tena. Vinundu, vinundu, vya manjano. Nikaminya moja, ikatoa kitu kama uji imepoa, uji ya mafuta. Halafu tukaenda kwa mshipa ndogo ya moyo yenyewe. Hapo nundu moja ilikuwa imepasuka, damu imegandia juu yake, njia imefungwa kabisa. Hata sindano haingepita."

Daktari aliinama juu ya meza kwa muda mrefu. Alimwambia Mbuvi kwamba huu ni ugonjwa wa Ulaya, wa watu wanaokula siagi na kukaa ofisini, na kwamba vitabu vyake vilisema Mwafrika haupati.

"Nikamwambia, 'Bwana, kitabu yako haikuona Nzomo.' Alicheka. Siku hiyo tulicheka."

Daktari alikata kipande cha mshipa mkubwa chenye urefu wa kidole, akakitia katika chupa ya dawa ya kuhifadhi ili akichunguze zaidi. Akaandika kurasa mbili za Kiingereza, zikapelekwa ofisi ya serikali na kufungiwa ndani ya faili. Mwezi uliofuata akaenda kwao likizo. Kwa ukoo wa Nzomo lilifika neno moja tu, kupitia askari aliyetumwa kwa baiskeli: hakuna sumu, moyo ulisimama.

Wazee wa ukoo walimjibu yule askari kwa akili zao zote. Moyo wa kila maiti umesimama, walisema. Sisi tunauliza aliyeusimamisha.

Wakaamua Kalunde aape kwa kithitu. Kithitu ni kiapo cha Wakamba kisicho na mchezo, kwani anayeapa uongo hufa yeye na jamaa zake. Lakini Kalunde alikuwa ameokoka, na mchungaji wake alimwambia wazi kwamba atakayekishika kithitu atafutwa kanisani. Akiapa, anamkosea Mungu wake. Asipoapa, amekiri. Waumini wenzake walimwombea sana, wakafunga Biblia zao na kwenda nyumbani. Hakuna hata mmoja aliyefuatana naye Kalamba, kwenye baraza la ukoo.

Habari hizo zilimfikia Mbuvi kupitia mkewe Mumbua, ambaye ni mzaliwa wa Kalamba. Mumbua ndiye mtu pekee anayemshika mkono, ingawa naye hula peke yake, kwa bakuli lake mwenyewe.

"Nilimwambia Mumbua, 'Huyu mama anafukuzwa bure. Mimi niliona kitu iliua bwana yake.' Akaniambia, 'Basi nani mwingine ataenda? Na usiende na maneno tupu. Wazee wa kwetu wanaamini macho.'"

Wanaamini macho. Mbuvi aliwaza juu ya maneno hayo siku nzima, na jioni akaitazama chupa iliyoachwa rafuni. Mtu mwingine yeyote angeiona hatari. Lakini aliyekwisha kushona maiti kwa miaka kumi, kipande cha mshipa kwake ni kama kipande cha mbao kwa seremala. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na anajua. Kazi ilikuwa imemsahaulisha jinsi watu wengine wanavyoogopa.

Aliifunga chupa kwa kitambaa, akaitia kwenye kiondo, akasafiri siku moja na nusu hadi Kalamba. Ilikuwa Aprili. Baraza lilikuwa limekaa kando ya soko, wazee kumi na wawili, Syombua na wanawake wa ukoo upande mmoja, Kalunde peke yake upande wa pili. Kibuyu cha uji kilikuwa kikizunguka. Kilipomkaribia Mbuvi kiliruka na kwenda kwa mwingine. Aliambiwa aongee akiwa amesimama, mbali kidogo.

"Niliwaambia yote. Niliwaambia mafuta inajenga ndani ya mshipa kama ukoko ndani ya sufuria, pole pole, mwaka kwa mwaka, mwenyewe hana habari. Halafu siku moja ukoko inapasuka, damu inaganda, njia inafungwa. Niliwaambia huyu mama hana makosa. Mzee mmoja akasema, 'Hayo ni maneno. Wewe ulionaje ndani ya mtu?' Nikafikiri, sawa, sasa ni wakati. Nikatoa chupa."

Anamimina chai iliyobaki chini, ingawa kopo halijafika nusu.

Aliiinua chupa, anasema, ili wote waione. Kisha Syombua akapiga kelele. Watoto wakakimbia. Mzee aliyeuliza swali akasimama, akasema, "Sehemu ya mtu wetu inatembea ndani ya kiondo chako?"

Kwa Wakamba, kama kwa watu wengi, anayebeba kiungo cha maiti mfukoni ana jina moja tu. Ni muoi, mchawi. Mbuvi alikuwa amekwenda kuondoa uchawi katika kesi ile, na yeye ndiye aliyeuleta mbele ya macho yao, umefungwa kwa kitambaa cheupe. Sasa kesi ilikuwa nyepesi. Kwa nini mtu wa Kitui, asiye ndugu wala rafiki, asafiri siku mbili kumtetea mwanamke huyu? Bila shaka walikuwa pamoja tangu mwanzo. Mwanamke aliua, mwanamume akachukua fungu lake.

Shukrani ya punda ni mateke, lakini mateke haya yalimpata pia aliyekuwa akitetewa. Mbuvi alitozwa fahali wa kutakasa uwanja, akakatazwa kukanyaga Kalamba tena. Aliamriwa aizike chupa ile pembeni mwa kaburi la Nzomo kwa mikono yake mwenyewe, na wote wakageuka kutazama upande mwingine alipokuwa akichimba. Kalunde alinyang'anywa duka na kufukuzwa siku ile ile na nguo alizovaa. Binti yake Nthenya, mwenye miaka minane, alibaki Kalamba kwa shangazi yake Syombua. Mtoto wa ukoo haendi na mchawi.

Mbuvi alimkuta Kalunde njiani jioni ile, amekaa juu ya jiwe, hana pa kwenda. Alisimama mbali, kama alivyozoea. Alitaka kumwita mwaitu, yaani mama, na kumwomba msamaha. Kalunde hakumpa nafasi.

"Aliniuliza kitu moja tu," anasema Mbuvi. "Aliniuliza, 'Hiyo mafuta niliona kwa chupa ilitoka wapi? Ni nani alikuwa anampikia?' Nilimaliza kuambia watu ni mafuta, na yeye ndiye alikuwa anamimina samli."

Hapo ndipo msomaji aelewe ukubwa wa kilichoharibika. Ukoo ulimhukumu Kalunde kwa sumu ambayo haikuwapo, na hukumu hiyo angeweza kuicheka moyoni. Lakini Mbuvi, kwa wema wake, alimwachia mashtaka mengine mabaya zaidi, kwa sababu haya Kalunde mwenyewe aliyaamini. Kwa miaka tisa ya ndoa alimpa mumewe kipande kilichonona, na alipokuwa na haraka aliongeza kijiko kimoja cha samli juu. Hivyo ndivyo mke mwema wa kwao anavyopenda.

Tangu siku hiyo, Mbuvi anatafuta jibu. Analitafuta mahali pekee panapomruhusu kutafuta. Kila maiti anayepasuliwa kwa amri ya serikali, daktari aliyepo akimaliza shughuli yake, Mbuvi huomba ruhusa aangalie mshipa mkubwa. Mpaka sasa, Agosti 1957, ameangalia arobaini na mmoja, na anawakumbuka wote.

Anamkumbuka mchunga ng'ombe wa miaka kama sabini aliyeumwa na nyoka porini. Mshipa wake ulikuwa laini kama wa kijana. Anamkumbuka mshona viatu wa hapa mjini, aliyekuwa akila mboga na maharagwe maisha yake yote, naye alikuwa na vinundu. Na anamkumbuka zaidi utingo wa miaka kumi na tisa aliyeanguka kutoka kwenye lori.

"Huyo kijana alikuwa mwembamba, hana mafuta hata ya kukaanga yai. Lakini nilipofungua mshipa, niliona mistari. Midogo, ya manjano, kama samli imedondoka ikakauka. Ukipitisha kidole, unasikia kidogo tu. Nikaona kwa wengine pia. Miaka ishirini na mbili, ishirini na tano. Kumbe inaanza mapema hivyo!"

Daktari alikuwa amerudi kutoka likizo Januari mwaka huu. Alipoambiwa habari za Kalamba alikunja uso, akasema desturi za wenyeji si idara yake. Hakwenda, na hakuandika hata mstari mmoja wa kupelekwa kwa wazee. Karatasi zake mbili bado zimo katika faili, na bado ni za Kiingereza. Lakini kuhusu mistari ya manjano alimjibu Mbuvi vizuri. Ndiyo, alisema, inaanza ujanani. Mistari hukaa miaka na miaka. Mingine haiendi popote, mingine huvimba ikawa vinundu, uji ukajaa ndani, juu pakafunikwa ngozi ngumu, na mwishowe chokaa ikaingia pakawa kama ganda. Sababu yake? Huenda mafuta, huenda sigara, huenda kukaa bila kutembea, huenda damu ya ukoo. Hata wao Ulaya, alisema, bado wanabishana.

"Nikamuuliza, 'Bwana, hiyo ganda ya Nzomo, ile mkasi ililia, inaweza kujengwa miaka tisa?' Akasema hapana, ganda namna hiyo anadhani ni miaka ishirini, labda zaidi."

Miaka ishirini nyuma, Kalunde alikuwa msichana wa miaka kumi na minne akichota maji kwao. Aliolewa na Nzomo mwaka 1947, mke wa kwanza alipokwisha kufariki. Mbuvi amefanya hesabu hiyo mara nyingi akiwa peke yake. Mumbua naye amempa jambo lingine alilolisikia Kalamba, kwamba baba yake Nzomo alianguka vivyo hivyo shambani, jembe mkononi, na wakati huo hakukuwa na Kalunde wa kulaumiwa.

Nilimtafuta Kalunde nikamwona Emali, karibu na stesheni ya reli, ambako anauza chai na maandazi kwa madereva wa malori ya Mombasa. Ana miaka thelathini na minne na anaonekana ana hamsini. Maandazi yake ni makavu. Dereva mmoja alikuwa akimtania kwamba yanafaa kutiwa chini ya gurudumu lori lisirudi nyuma. Kalunde hakucheka. Hapendi tena kupika kwa mafuta mengi, aliniambia, na wateja wanapungua.

Hajamwona Nthenya kwa mwaka mmoja na miezi minne. Aliwahi kutuma gauni kwa mtu wa lori, likarudishwa.

Nilimweleza kwamba Mbuvi anataka kuja. Aliendelea kusugua kikombe kilichokuwa safi tayari.

"Mimi sijui kama yeye ni mtu mbaya," alisema. "Pengine ni mtu mzuri. Lakini kama hangekuja na ile chupa, ningekuwa najua kitu moja, kwamba sikuua bwana yangu. Sasa kila nikishika kijiko, sijui." Nikamuuliza atampokeaje akija. "Atapata chai kama mtu yeyote. Lakini nitamwekea chini."

Niliporudi Kitui sikutaka kumwambia Mbuvi maneno hayo. Aliyatoa mwenyewe kinywani mwangu, kwa kuniuliza mara tatu. Nilimwambia yote, pamoja na habari ya kikombe.

Jumamosi ijayo Mbuvi ana ruhusa ya siku tatu, ya kwanza tangu mwaka jana. Atapanda lori hadi Machakos, atafute lingine la kwenda Emali. Mumbua ameshamfulia shati. Safari hii habebi chupa wala karatasi. Hana matumaini na wazee, na hadhani Nthenya atarudishwa kwa mama yake kwa sababu ya maneno ya mtu wa maiti. Anachotaka ni kusimama mbele ya mwanamke mmoja na kumwambia juu ya utingo wa miaka kumi na tisa, juu ya mistari ya manjano, juu ya ganda lisiloweza kujengwa kwa miaka tisa.

Nilimuuliza kama haogopi kudharauliwa na Kalunde pia. Alitazama jiwe lake bapa, ambako kopo tupu lilikuwa likingoja Rashid aje kulichukua kwa kijiti.

"Aweke chini tu," alisema. "Nitainama, nitachukua, nitakunywa mpaka iishe. Halafu nitamwambia, 'Mwaitu, ilianza kabla yako.'"